Nani Huliamsha Yai?



Pale kituoni ninaposhukia daladala kila jioni yupo kijana anayeuza mayai ya kuchemsha, na kachumbari yake ndani ya ndoo ndogo. Anayo mayai ya aina mbili, ya kisasa na ya kienyeji, na bei zake ni mbili. Juzi juzi akatokea mteja mbishi akagoma kulipa bei ya yai la kienyeji. Akadai kwamba yai ni yai. Kijana akamjibu bila hata kuinua uso: "Mzee, hilo la kisasa hata ukimlalisha kuku juu yake mwaka mzima utapata harufu tu. Hili la kienyeji lina jogoo ndani."

Watu tuliokuwa tunangoja usafiri tulicheka, na yule mteja akalipa. Lakini mimi maneno ya "jogoo ndani" nilikwenda nayo hadi nyumbani. Jogoo huyo huliletea yai kitu gani hasa? Maana yai lenyewe halipungukiwi. Lina chakula, lina maji, lina nusu ya urithi wa kiumbe kitakachozaliwa. Kinachokosekana ni mtu wa kuliambia: amka.

Na yai la mwanamke ni vivyo hivyo, ingawa ni dogo mno, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Linapotoka kwenye kifuko chake limesimama katikati ya kazi. Lilikuwa linajigawa, likafungwa breki, likatulia. Linangoja. Likingoja kwa muda wa siku moja hivi bila kuamshwa, linakufa. Likiamshwa, huwa mimi, huwa wewe, huwa kondakta wa daladala. Swali la nani huliamsha yai, na kwa kutumia nini, limewachukua wanadamu zaidi ya miaka 300 kulijibu. Leo nataka tulizungumze hilo.

Nina sababu yangu ya kulizungumza. Shangazi yangu, dada wa baba, aliolewa mwaka 1960. Mwaka 1967 alirudishwa nyumbani na sanduku moja la bati na mikeka miwili. Kosa lake lilikuwa kwamba hazai. Mumewe alioa mke wa pili, kisha wa tatu, na nyumba ile haikusikika kilio cha mtoto mchanga hata siku moja. Mimi nilikuwa mtoto, nikisikiliza vikao vya wazee kupitia ukuta wa udongo. Vikao vyote nilivyovisikia vilimhusu shangazi. Hakikufanyika hata kimoja kilichomhusu yule bwana.

Wazee wetu walikuwa na usemi wao: mwanamke ni shamba, mwanamume ndiye mwenye mbegu. Mbegu ikikosa kuota, basi shamba ni bovu. Msidhani ni wazee wetu peke yao. Mwaka 1677, katika mji wa Delft kule Uholanzi, mfanyabiashara mmoja wa vitambaa aitwaye Antoni van Leeuwenhoek, aliyekuwa akijitengenezea hadubini kwa mikono yake, aliona katika manii vidudu vyenye mikia vikiogelea. Aliiandikia jumuiya ya wataalamu wa London akiwaeleza. Baada ya hapo wasomi wa Ulaya walifika mahali pa kufundisha kwamba mtoto mzima, na kichwa chake na miguu yake, amejikunja ndani ya mbegu ya baba. Mwaka 1694 Mholanzi mwingine, Nicolaas Hartsoeker, alichapisha hata picha ya mtu huyo mdogo aliyejikunyata. Mama akabakia kuwa shamba, tena kwa Kilatini.

Yai lenyewe la mnyama anyonyeshaye halikuonekana kwa macho ya mtu hadi mwaka 1827, pale Karl Ernst von Baer alipolipata ndani ya jike la mbwa. Yaani mbegu ya baba iliandikwa vitabuni miaka 150 kabla ya yai la mama kuonekana. Pengo hilo si dogo, na mengi yalisemwa humo ndani. Kisha, miaka ya 1870, Mjerumani Oscar Hertwig akachunguza mayai ya yule mnyama wa baharini mwenye miiba, yule anayewachoma nyayo waogeleaji wetu maji yakipwa. Mayai yake ni angavu, unaona hadi ndani. Hertwig akaona kiini cha mbegu na kiini cha yai vikiungana kuwa kimoja. Kuanzia hapo ikabidi kukubali kwamba baba na mama wote wawili wanaleta.

Sasa sikilizeni kilichotokea mwaka 1899. Pale Woods Hole, katika pwani ya mashariki ya Marekani, mtaalamu mwenye asili ya Ujerumani aitwaye Jacques Loeb alichukua mayai ya mnyama huyo huyo wa miiba, akayatia katika maji ya bahari aliyoyabadilisha chumvi zake, akayarudisha katika maji ya kawaida. Mayai yakaamka. Yakajigawa mara mbili, mara nne, yakawa watoto wanaoogelea. Baba hakuwapo! Magazeti ya wakati huo yalichachamaa. Mwaka 1910 Mfaransa Eugène Bataillon akafanya lake: alichoma mayai ya chura kwa sindano nyembamba iliyoguswa damu, na baadhi yakaanza kukua.

Kwa hiyo yai si shamba. Shamba halioti mahindi kwa kuchomwa sindano. Yai ni mashine iliyokamilika, inayongoja tu kuwashwa. Kwa sisi wanyonyeshao, yai linaloamshwa bila baba huanza kujigawa lakini kwa kawaida mimba haifiki mbali, maana, kama majaribio ya panya ya mwaka 1984 yalivyoonyesha, urithi wa baba na urithi wa mama haufanani kwa kazi na wote wawili unahitajika. Lakini kuamka ni jambo moja, na kufika ni jambo jingine. Sisi tunafuatilia kuamka.

Hapa naomba tutue kidogo, kwa sababu ya mtu mmoja ambaye jina lake halitajwi inavyostahili hata katika shule zetu.

Ernest Everett Just alizaliwa mwaka 1883 Charleston, katika jimbo la South Carolina. Mtu mweusi, katika Marekani ya kusini, kizazi kimoja tu baada ya utumwa. Alisoma kwa taabu na kwa akili nyingi, akahitimu chuo cha Dartmouth mwaka 1907, akaenda kufundisha Howard, chuo kikuu cha watu weusi pale Washington. Kuanzia mwaka 1909 alikuwa akienda Woods Hole kila kiangazi kuchunguza mayai ya baharini. Shahada ya udaktari aliipata Chicago mwaka 1916. Hakuna chuo kikuu cha wazungu nchini mwake kilichompa kazi. Walimwomba ushauri wa namna ya kuyatunza mayai, maana mikono yake ilijulikana, lakini kazi hawakumpa.

Just aliona nini? Alichunguza jamaa wa yule mnyama wa miiba, aliye bapa kama sarafu. Mwaka 1919 alieleza kwamba mbegu ikigusa tu ngozi ya yai mahali pamoja, badiliko linaanza pale pale na kusambaa kuzunguka yai zima, kama wimbi linalotoka pale jiwe lilipoangukia kidimbwini. Wimbi hilo likipita, mbegu nyingine haziwezi kuingia tena, hata kabla utando wa yai haujainuka. Akasisitiza kwamba ngozi ya yai si mfuko wa kubebea vilivyomo tu. Ngozi ndiyo inayosikia, ngozi ndiyo inayojibu. Alimpinga hata Loeb, ambaye wakati huo alikuwa mkubwa kama mlima, akisema wanaochunguza mayai wajifunze kwanza kuyashika bila kuyaumiza.

Kazi ilimkosa nyumbani, akaitafuta ng'ambo. Alifanya uchunguzi Napoli, akafanya Berlin, akafanya Ufaransa. Kitabu chake kikubwa juu ya ngozi ya chembe hai kilitoka mwaka 1939. Mwaka uliofuata majeshi ya Hitler yaliingia Ufaransa, naye akawekwa kizuizini kwa muda. Alipoachiwa alirudi Marekani akiwa mgonjwa, akafa Oktoba 1941. Mwaka 1996 posta ya Marekani ilitoa stempu yenye picha yake. Miaka 55 baadaye! Haya, tuendelee.

Wimbi la Just lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa wimbi la nini? Jibu lilipitia kwa yavuyavu, yule mnyama wa baharini mlaini kama uji ulioganda. Mwaka 1962 Mjapani Osamu Shimomura na wenzake walitangaza kwamba wametoa ndani ya yavuyavu protini inayong'aa ikiguswa na kalsiamu. Kalsiamu, ndugu msikilizaji, ndiyo ile ile iliyomo katika mifupa na katika chokaa. Ukiwa na protini kama hiyo una taa ya kupeleleza: pale kalsiamu inapofunguliwa, taa inawaka. Mwaka 1977 na 1978 watafiti wa Marekani, akiwamo Lionel Jaffe, waliingiza protini hiyo ndani ya mayai ya samaki mdogo wa Kijapani aitwaye medaka, kisha wakaleta mbegu. Gizani, yai liliwaka mahali mbegu ilipoingilia, na mwanga ukasafiri hadi upande wa pili. Wimbi la Just lilikuwa limepata jina. Kabla yake, mwaka 1974, Richard Steinhardt na David Epel walikuwa wameonyesha kwamba dawa inayofungulia kalsiamu ndani ya yai huliamsha bila mbegu yoyote.

Mayai ya wanyonyeshao yalichelewa kuchunguzwa hivyo kwa kuwa ni machache na yamefichwa tumboni. Samaki akitaga hutaga kwa mamia; panya unampata na mayai ya kuhesabu kwa vidole. Lakini katika miaka ya 1980 Waingereza waliofanya kazi na mayai ya panya, na Shunichi Miyazaki wa Japani aliyefanya kazi na mayai ya buku wa maabara, waliona jambo ambalo samaki halina. Katika yai la mnyonyeshaji kalsiamu haipandi mara moja na kwisha. Inapanda, inashuka, inapumzika. Baada ya dakika 10 au 20 inapanda tena. Huendelea hivyo kwa saa kadhaa. Ni ngoma, ndugu zangu, na mdundo wake haukomi hadi viini vya baba na mama viwe tayari.

Nani anapiga ngoma hiyo? Hapa tunaingia kwenye vimeng'enya. Kimeng'enya ni protini ifanyayo kazi, aghalabu ya kukata au kuunganisha. Tafuna ugali kwa muda mrefu bila kumeza, utaanza kuwa mtamu: kimeng'enya cha mate kimekata wanga kuwa sukari. Ndani ya kila chembe hai vipo vimeng'enya vinavyopeleka habari, mithili ya matarishi wa ofisini, kila mmoja akimgongea mwenzake mlango.

Tarishi mmoja mkubwa alifahamika mwaka 1983, na aliyeongoza uchunguzi huo alikuwa mzaliwa wa Afrika. Michael Berridge alizaliwa mwaka 1938 katika mji wa Gatooma, ambao leo ni Kadoma, Zimbabwe. Akiwa Cambridge alikuwa akichunguza tezi za mate za nzi. Naam, mate ya nzi! Aliona kwamba tezi zinapoambiwa zitoe mate, kimeng'enya kiitwacho fosfolipesi C hukata mafuta fulani yaliyomo katika ngozi ya chembe. Kipande kimoja kinachokatika, inositoli trisfosfeti, huelea hadi kwenye ghala la kalsiamu na kufungua mlango wake. Mwaka huo yeye na wenzake walithibitisha hilo kwa chembe za kongosho. Mwaka 1992 Miyazaki naye aliuziba mlango huo wa ghala katika mayai ya buku, na ngoma ya kalsiamu ikanyamaza.

Kwa hiyo ikajulikana: mahali fulani pana fosfolipesi C inayokata. Ila ya nani? Hapo wataalamu wakagawanyika. Kambi ya kwanza ilisema mbegu hubisha hodi tu. Inagusa kipokezi nje ya yai, na vimeng'enya vya yai lenyewe vinafanya kazi iliyobaki. Kambi ya pili ilisema hapana, mbegu haibishi hodi, inaingia na ufunguo mfukoni. Mwaka 1990 Karl Swann alisaga mbegu za kiume, akachukua maji yake, akayaingiza kwa sindano ndani ya yai la buku. Ngoma ikaanza. Stice na Robl walifanya jaribio la jinsi hiyo kwa sungura mwaka huo huo. Kisha mwaka 1992 madaktari wa Brussels walitangaza mimba zilizopatikana kwa kuichukua mbegu moja na kuiingiza moja kwa moja ndani ya yai la mwanamke kwa sindano. Mbegu haikugusa ngozi wala kubisha hodi popote, na yai liliamka. Kambi ya hodi ilianza kutafuta viti vya nyuma.

Lakini ufunguo wenyewe uko wapi? Mwaka 1996 kikundi cha akina Swann, John Parrington na Anthony Lai kilitangaza katika jarida la Nature kwamba kimeupata, kikauita osilini. Shangwe zikapigwa. Ndani ya miaka michache ikadhihirika kwamba osilini haiwezi kuamsha yai lolote. Ni aibu kubwa, hata katika fani nyingine. Mimi nimewahi kuona watu wakitetea kosa lao hadi wanastaafu nalo. Hawa hawakufanya hivyo. Walirudi maabara, na mwaka 2002 Lai, Swann na wenzao walipata fosfolipesi C ya namna mpya, wakaiita zeta, inayotengenezwa na mbegu za kiume. Safari hii walijihadhari. Walionyesha kwamba kiasi kilichomo katika mbegu moja tu chatosha kuanzisha ngoma katika yai la panya. Wakaonyesha kwamba ukiiondoa kutoka katika maji ya mbegu, maji hayo hayaamshi kitu. Miongoni mwa majina yaliyoandikwa juu ya karatasi ya kosa na juu ya karatasi ya ushindi, kadhaa ni yale yale.

Sasa tunaweza kuifuata habari hatua kwa hatua. Mbegu inaungana na yai na kumwaga zeta ndani. Zeta inakata mafuta, kipande kinafungua ghala, kalsiamu inamwagika. Kalsiamu inakiamsha kimeng'enya kingine, kinachojulikana kwa kifupi kama CaMKII. Hicho nacho kinaitia alama protini iitwayo Emi2, na protini iliyotiwa alama hiyo huvunjwavunjwa. Emi2 ndiye aliyekuwa mlinzi wa breki. Breki ikiachia, yai linamaliza kujigawa kulikokuwa kumesimama, linazikaza kuta zake mbegu nyingine zisiingie, na safari ya miezi tisa inaanza. Usemi wa shamba, mnaona wenyewe, hauna pa kukaa hapa. Ghala ni la mama, mlango ni wa mama, karibu matarishi wote ni wa mama. Baba ameleta urithi wake na ufunguo mmoja.

Na ufunguo huo unaweza kuwa na kasoro. Kuanzia miaka ya 2008 na 2009 madaktari walieleza habari za wanaume ambao mbegu zao, hata zikiingizwa kwa sindano ndani ya mayai mazima ya wake zao, haziamshi hata moja. Wengine zeta yao ilikosekana, wengine ilikuwapo lakini imeharibika. Mwaka 2016 walielezwa ndugu wawili wa baba na mama mmoja wenye kasoro moja ile ile ya kurithi. Panya waliotengenezwa bila zeta, kama ilivyotangazwa mwaka 2017, mbegu zao zilishindwa kupiga ngoma ya kawaida, ingawa watoto wachache walizaliwa, ishara kwamba yai linayo njia nyingine ya uchochoroni. Kwa wanaume wenye shida hiyo, baadhi ya hospitali hutumia dawa ya kufungulia kalsiamu baada ya sindano, ya jamii ile ile aliyoitumia Steinhardt mwaka 1974, na watoto wamezaliwa.

Ngoja nieleweke. Ugumba una sababu nyingi, kwa wanawake na kwa wanaume, na kasoro ya zeta ni mojawapo ya zile za nadra. Sisemi kwamba yule bwana wa shangazi alikuwa nayo. Hakupimwa. Ndilo jambo ninalolisema, kwamba hakupimwa.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwamkia shangazi. Amevuka miaka 80, macho bado makali. Alikuwa barazani anachambua mchele. Nikamsimulia haya yote, ya yavuyavu na ya mate ya nzi, akanisikiliza kama anavyosikiliza redio, bila kuinua kichwa. Nilipomaliza akauliza: "Huo ufunguo unaousema, yupi anakuwa nao?"

"Mwanamume, shangazi."

"Umejulikana lini?"

"Mwaka 2002."

Akatoa kokoto moja katika ungo, akaitupa uani. "Mume wangu alifariki mwaka 1994," akasema. "Basi alikufa hajui."